Kontua zinanichanganya: nitajuaje mgongo wa mlima na bonde kwenye ramani ya 1:50,000?

Mgeni_wa_Ramani

Wakuu, habari za humu. Nina karatasi moja ya ramani ya topografia, skeli 1:50,000, toleo la mwaka 1990, pamoja na dira ya bamba la plastiki. Nataka kupanga safari ya miguu: kuanzia barabarani, kimo kama mita 200, kupanda hadi kilele ambacho kontua yake ya mwisho (kontua ni mstari unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja) imeandikwa 640, kisha kushukia upande wa pili hadi barabara nyingine. Alama za kwenye ufunguo nazielewa. Ninapokwama ni hapa:

Kontua zikijikunja mfano wa V, nitajuaje kama ni bonde au ni mgongo unaoshuka? Mimi naona umbo ni lilelile.

Njia yenye kona nyingi naipimaje, na nitakadiriaje muda?

Namba za mahali ninazosoma kwenye simu nikizihamishia kwenye karatasi zinaangukia ng'ambo ya mto, wakati nimesimama ng'ambo hii. Nani anadanganya, simu au ramani?

Mwisho, pambizoni kuna mchoro wa kaskazini tatu. Niifuate ipi?

Kipimapembe

Nianze na kontua, maana ndizo zitakazokuokoa au kukuponza.

Kabla ya kutazama mistari, nenda pambizoni ukasome tofauti ya kimo kati ya kontua moja na inayofuata. Kwenye ramani za 1:50,000 mara nyingi ni mita 20, lakini usikisie. Zipo za mita 10, na karatasi za zamani zipo za futi. Ukiona 50 ukadhani ni mita kumbe ni futi, kila mlima umeurefusha zaidi ya mara tatu. Kwa kawaida kila kontua ya tano huchorwa nene na huwa na namba, kwa hiyo kwa mita 20 zile nene zinakwenda 100, 200, 300 na kuendelea.

Sasa hizo V zako. Umbo ni lilelile kweli, ndiyo maana umbo peke yake halitoshi. Tafuta namba za kontua mbili nene zilizo jirani, ujue upande upi ni wa juu. Kisha angalia ncha ya V: ikielekea kwenye namba kubwa, hilo ni bonde, ikielekea kwenye namba ndogo, huo ni mgongo unaoshuka. Kama kuna mto, kazi imeisha, kwa sababu kontua inapouvuka mto ncha yake huelekea kule maji yanakotoka. Anza na mto uliochorwa kwa buluu, fuata V zake kupanda, halafu endelea hata pale rangi ya buluu inapokoma. Korongo la juu lisilo na mto uliochorwa bado litakuwa na V zilezile, na mvua ikinyesha maji yatapita humohumo.

Duara zilizofungana, moja ndani ya nyingine, ni kilima ikiwa namba zinaongezeka kuelekea ndani. Zikiwa na vistari vifupi vinavyotazama ndani, hilo ni shimo. Vilele viwili jirani vikiacha nafasi katikati isiyo na mstari, pale ardhi imeinama kati yao, na mara nyingi ndipo njia za miguu huvukia kwa sababu ndipo pa chini zaidi kuvuka.

Mwinuko upimwe kwa rula, si kwa jicho. Kwenye skeli yako milimita 1 ni mita 50. Ukikuta kontua sita zimebanana ndani ya milimita 4, zina nafasi tano kati yake, yaani mita 100 za kupanda ndani ya mita 200 za kwenda mbele. Hiyo ni asilimia 50, karibu digrii 27. Kontua hizohizo zikitawanyika kwenye sentimita 2, ni mita 100 kwa kilomita nzima, asilimia 10, na mtu anapanda huku anaongea. Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu mistari badala ya nafasi zilizo kati ya mistari: mistari sita, nafasi tano.

Tazama pia jinsi nafasi zinavyobadilika ndani ya mteremko mmoja. Zikibana juu na kutanuka chini, mteremko umebonyea, na ukiwa juu utauona mguu wake. Zikitanuka juu na kubana chini, mteremko umebinuka: ukisimama kileleni huoni chini, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyozidi kuwa mkali. Huo wa pili ndio wa kuogopa wakati wa kushuka.

Na jambo ambalo ufunguo haukwambii: kilicho kati ya kontua mbili hakionekani. Genge la mita 15 linaweza kukaa kati ya 400 na 420 bila kugusa mstari hata mmoja, hasa kama halikupewa alama ya mwamba. Vivyo hivyo kilele chako si 640. Kiko juu ya 640 na chini ya 660, basi; kama kuna nukta yenye namba pembeni yake, iamini hiyo.

Hatua_Elfu

Kipimapembe kamaliza kontua, mimi niseme umbali na muda.

Chukua ukanda wa karatasi wenye ukingo ulionyooka. Weka alama mwanzo wa njia, laza ukingo kwenye kipande cha kwanza kilichonyooka, tia alama pale njia inapopinda, shikilia hapo kwa ncha ya penseli kali, zungusha karatasi ifuate kipande kinachofuata, tia alama, endelea hadi mwisho. Halafu peleka ukanda wote kwenye mstari wa skeli ulioko chini ya ramani. Uzi nao hufaa, ila uzi unaovutika hukupa umbali mfupi kuliko ukweli. Kwa njia yoyote utakayotumia, jibu litapungua kidogo, kwa kuwa mchoraji mwenyewe alishanyoosha kona ndogo ambazo skeli yake haikuweza kuzionyesha. Njia ya mlimani yenye zigizaga ndiyo hupoteza zaidi.

Watu huhangaika sana na "umbali wa mteremko", kwamba ramani hupima kwa usawa tu. Ni kweli, lakini angalia ukubwa wake: kwenye mteremko wa digrii 10 unaongeza asilimia 1.5 tu. Mpaka ufike digrii 30 ndipo unaongeza kama asilimia 15. Kona zilizorukwa zina madhara makubwa kuliko hilo.

Muda: kanuni ya Naismith ya mwaka 1892 bado inatumika. Kilomita 5 kwa saa, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hesabu ya haraka ni dakika 12 kwa kilomita, jumlisha dakika 1 kwa kila mita 10 za kupanda. Tuseme njia yako ya kupanda ni sentimita 18, yaani kilomita 9: dakika 108. Kupanda kutoka 200 hadi 640 ni mita 440. Lakini ngoja. Kama njiani unashuka bondeni mita 80 na kuzipanda tena, mita ulizopanda ni 520, si 440. Hilo husahaulika kila siku. Kwa hiyo 108 jumlisha 52 ni dakika 160, saa 2 na dakika 40, bila mapumziko wala mzigo mzito. Kanuni hii ni ya mtu mwenye afya kwenye njia iliyo wazi. Vichakani ongeza muda unavyoona, lakini usiupunguze.

Angalizo la nakala: ukitoa fotokopi iliyokuzwa au kupunguzwa, maandishi "1:50,000" yanabaki palepale huku yakiwa hayana ukweli tena. Mstari wa skeli hukua na kupungua pamoja na ramani, basi pima kwa huo. Ukipiga ramani picha kwa simu na kuikuza kwenye kioo, ni hivyohivyo.

Gridi_Sita

Suala la simu na mto. Hakuna anayedanganya, ila inabidi ujue kosa ni la ukubwa gani, kwa sababu ukubwa ndio unaomtaja mkosaji.

Ukitupwa mbali makumi ya kilomita, umechanganya mfumo wa kuandika digrii. 6°30' ni 6.5 kwa desimali. Mtu akiandika 6.30 amepotea kwa digrii 0.2, na digrii 0.2 za latitudo ni kama kilomita 22. Ukitupwa mamia ya kilomita kwenye namba za UTM (mfumo wa kutaja mahali kwa mita badala ya digrii), umekosea kanda: dunia imegawanywa kanda 60, kila moja digrii 6, na namba za mashariki hujirudia kila kanda (mstari wa kati wa kila kanda hupewa 500,000). Ukiwa kusini mwa ikweta, namba ya kaskazini huongezewa 10,000,000 ili isiwe hasi. Usishangae kuona tarakimu saba.

Wewe umevuka mto tu, kwa hiyo namshuku datumu, yaani msingi ambao namba za mahali hupimwa kutoka kwake. Simu hutumia WGS84, datumu ya GPS. Karatasi ya zamani huenda ilichorwa kwa umbo jingine la dunia lenye kitovu kingine, na mahali palepale pakapata namba tofauti. Tofauti hiyo yaweza kufika mita mia kadhaa. Jina la datumu limeandikwa pambizoni, kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Jaribio ni rahisi: simama kwenye sehemu mbili au tatu zisizo na ubishi, mfano njia panda au daraja, soma namba, zitie kwenye karatasi. Ikiwa zote zimehama upande uleule kwa kiasi kilekile, ni datumu. Ibadilishe kwenye mipangilio ya programu ya simu. Zikihama kila moja upande wake kwa mita chache, ni GPS yenyewe inayoyumba chini ya miti au kwenye korongo.

Usibishanie mita 20 hata hivyo. Mstari wa barabara wenye unene wa nusu milimita, kwa skeli yako, ni mita 25 za ardhi, na barabara haina upana huo. Mchoraji huinenepesha ionekane, kisha husogeza nyumba za kando zisifunikwe. Mto nao huenda umehama kingo tangu 1990.

Kusoma namba za gridi: kwanza nenda kulia, kisha panda juu. Kila mraba wa kilomita 1 hutambulishwa kwa mistari ya kushoto na chini yake. Mahali palipo baada ya mstari wa 34 kwa sehemu sita za kumi, na juu ya mstari wa 72 kwa sehemu tatu za kumi, ni 346723. Namba hiyo ya tarakimu sita si nukta. Ni kimraba cha mita 100 kwa 100. Ukigeuza ukaandika 723346 umempeleka mwenzako pengine kabisa, na hakuna kitakachomshtua kwani namba inaonekana halali. Pia hujirudia kila kilomita 100, hivyo taja na namba ya karatasi.

Sindano_Nyekundu

Kaskazini tatu. Kaskazini halisi ni iliko ncha ya dunia. Kaskazini ya gridi ni mistari wima ya karatasi yako. Kaskazini ya sumaku ndiko sindano inakotazama. Kwa kazi ya dira na ramani unahitaji mbili za mwisho tu, na pembe iliyo kati yake. Hiyo ya kwanza iache kwa wapima ardhi.

Utaratibu: laza ukingo mrefu wa dira kutoka ulipo hadi unakokwenda, mshale wa safari ukitazama unakokwenda. Shikilia bamba, zungusha kiduara hadi mistari ya ndani yake iwe sambamba na mistari wima ya gridi na alama ya kaskazini itazame juu ya ramani. Soma digrii. Rekebisha kwa sumaku. Inua dira, ishike usawa wa kifua, geuka wewe mzima hadi ncha nyekundu ya sindano iingie kwenye mshale wa ndani ya kiduara. Mbele ya mshale wa safari ndiko uendako. Chagua mti au jiwe huko, lifuate, usitembee macho kwenye dira.

Marekebisho: sumaku ikiwa magharibi ya gridi, ongeza, ikiwa mashariki, punguza. Karatasi yako itakuwa imeandika kitu kama "2°30' magharibi mwaka 1990, hupungua 3' kila mwaka". Hadi 2025 ni miaka 35, mara 3 ni 105', yaani 1°45'. Unabaki na 45' tu.

Yanayoharibu: simu iliyo mkono huohuo, kisu, gari, waya wa uzio, nyaya za umeme juu yako. Kubwa kuliko yote ni kuingiza ncha isiyo nyekundu kwenye mshale. Hapo unakwenda kinyume kwa digrii 180 ukiwa na uhakika wote.

Kipimapembe

Nikubaliane na Sindano_Nyekundu, kwa nyongeza moja inayowakwaza wengi: "magharibi ongeza" ni pale unapotoka kwenye ramani kwenda ardhini. Ukisoma pembe ardhini na kutaka kuichora kwenye ramani, magharibi unapunguza. Mtu aliyeikariri upande mmoja tu hukosea mara mbili ya mchepuko wenyewe (mchepuko ni hiyo pembe kati ya kaskazini ya gridi na ya sumaku).

Na hesabu ya miaka 35 kwa kasi ileile ni makadirio, kwa sababu kasi nayo hubadilika. Modeli ya Sumaku ya Dunia (World Magnetic Model) husasishwa kila miaka 5 na kuna vikokotoo vya bure mtandaoni. Chukua namba mpya huko. Kila digrii moja ya kosa hukutupa pembeni kama mita 17 kwa kilomita. Dakika 45 ni mita 13, hazitakuangusha. Mahali ambapo mchepuko ni digrii 12, kuusahau kwa kilomita 2 ni zaidi ya mita 400.

Ukipotea na ukawa unaona vilele viwili unavyovitambua: soma pembe ya kila kimoja, rekebisha, ongeza au punguza 180, chora mstari kutoka kileleni kuja kwako. Mistari hiyo inapokatana ndipo ulipo. Chagua vilele vinavyoachana karibu digrii 90. Chini ya 30 usijisumbue, kwani kosa dogo la kusoma husogeza makutano mbali sana. Kilele cha tatu kitakupa pembetatu ndogo. Ikiwa kubwa, kuna kilele ulichokiita jina la mwenzake.

Mgeni_wa_Ramani

Shukrani sana wakuu. Nimejaribu njia panda tatu: zote zimehama kama mita 300 kaskazini, kwa hiyo ni datumu, na jina tofauti nimelikuta pambizoni. Nimebadilisha kwenye programu, sasa niko ng'ambo sahihi.

Bado kushuka. Kutoka kileleni hadi barabara ya pili, iliyoko mita 200, kuna njia iliyochorwa ya sentimita 5.6. Inavuka kijito kwenye sentimita 2 na kingine kwenye sentimita 4.2. Nikikata moja kwa moja ni sentimita 2.2 tu. Kwenye hiyo ya mkato kontua ziko wazi juu, ila milimita 6 za mwisho zina nafasi 12. Pia naona V zinazotazama kileleni. Nikate?

Kipimapembe

Usikate. Nafasi 12 mara mita 20 ni mita 240 za kushuka, na milimita 6 ni mita 300 za mbele. Asilimia 80, karibu digrii 39, tena ni wastani. Ndani yake huenda kuna genge. Sehemu ya juu ni mita 200 kwa mita 800, digrii 14, ndiyo maana mkato unavutia: utashuka vizuri bila kuona kinachokusubiri chini. Na V zinazotazama kileleni maana yake uko ndani ya korongo la maji. Ukikwama, kurudi ni kupanda ulikoteremka.

Hatua_Elfu

Njia iliyochorwa ni kilomita 2.8 kwa mita 440, kama digrii 9. Unaongeza kilomita 1.7 tu juu ya mkato.

Kabla hujaondoka kileleni andika pembe ya kuanzia njia, halafu andika vijito: cha kwanza mita 1,000, cha pili mita 2,100. Kwa kushuka bila haraka, kijito cha kwanza ni dakika 12 hadi 15. Angalia tu kwenye ufunguo kama buluu yake ni ya mstari mzima au ya vikatikati (vistari vilivyokatika). Vikatikati ni cha msimu, utakuta mfereji mkavu wenye mawe, na huo nao ni kijito chako. Dakika 25 zikipita bila mfereji wala maji, umeshika mgongo wa jirani. Rudi hadi mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika, ndipo ufungue ramani.